Balbu Moja, Nyumba Tano

Leo watu wametuletea mwanga, na sasa ploti yetu yote iko giza.

Asubuhi hapa Kipsongo, watu wa mradi wa serikali wa kuokoa stima walifika na kamera. Ati balbu zetu za zamani zinakula stima sana, tuzitoe tupewe zile zinatumia kidogo.

Sawa. Nani atakataa?

Tukatoa zote, nyumba tano. Bosi wao akazikanyaga hapo nje na kiatu. Ati zisirudi kutumika.

Wakaanza na jirani yangu, Mama Sikuku. Yeye hushona nguo ndani ya kachumba ka mabati, hakana hata dirisha moja. Nikapanda kiti, nikamwekea balbu mpya. Mama akatia sahihi kwamba amepokea.

Picha. Makofi.

Halafu bosi: "Dada, sasa ifungue, twende nayo kwa jirani."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Hii ni ya picha tu. Zenu ziko njiani."

Na mimi mjinga nikaifungua! Balbu moja, nyumba tano, sahihi tano, kisha wakaondoka nayo.

Mama akauliza, "Sasa nitashona na nini?"

"Mama, tumia jua. Ni ya bure."

Kwa nyumba haina dirisha! Ptuu!

Kwenu walipitia? Semeni hapo chini, nisidhani ni sisi tu.

Picha ya kwa Mama tayari iko kwa ukurasa wao. Nimemwonyesha Mama, amekaa mlangoni na cherehani, manyunyu yakimpiga. Ameiangalia sana.

"Kumbe kwangu kukiwaka huwa kuzuri hivyo."