Gurudumu la Rwegasira

Mwaka aliotawazwa Malkia wa Uingereza, hapakuwa na mtu kijijini Kibeta asiyemjua Kagaruki, bingwa wa baiskeli. Mwenye duka mmoja wa Bukoba alimlipa ashindane akiwa amevaa fulana yenye jina la duka. Watu walimsifu kwamba ushindi haukumpanda kichwani. Naye alizipenda sana sifa hizo, na hapo ndipo palipokuwa na walakini.

Mwaka ule walishindana kutoka Muleba hadi Bukoba. Karibu na Kemondo Kagaruki aliingia shimoni, gurudumu lake la mbele likapinda vibaya. Nyuma yake akatokea Rwegasira wa Ngenge, ndugu yake wa kuchanjiana. Walikuwa wametafuna punje mbili za buni moja zilizopakwa damu zao, ingawa mwinjilisti alikemea sana mambo hayo. Rwegasira alishuka. Alitoa spana, akafungua gurudumu lake zima, akampa.

Uwanjani Kagaruki alibebwa juujuu. Msimamizi wa mashindano akamuuliza mbele ya umati kama kuna aliyemtoa jasho.

"Sikumwona mtu," akajibu, na watu wakaangua kicheko.

Baadaye sana Rwegasira akaingia kwa miguu, baiskeli begani, lile gurudumu bovu likining'inia. Wakamzomea: "Umeendesha au umeendeshwa?" Kagaruki akainamia kikombe chake cha ushindi. Naye alicheka, kidogo tu, lakini alicheka.

Jumapili, baada ya ibada, akaenda Ngenge. Kokwijuka, mama yake Rwegasira, alimpokea kwa vigelegele, Rwegasira akiwa ameketi kando. Akaleta kikapu cha akamwani, zile buni zilizochemshwa na maganda yake ili wageni watafune, akamnyooshea yeye kwanza.

"Waitu, mwanetu, mfundishe ndugu yako kutunza baiskeli," alisema. "Ametuambia alilipinda gurudumu mwenyewe, kwa uzembe."

Kagaruki akahisi uso ukimwaka. Kumbe mwenzake alikuwa amemsitiri hata kwa mama mzazi!

"Mama, lile bovu ni langu. La kwake ndilo lililonifikisha." Akaeleza yote, hata kile kicheko, machozi yakimtoka mbele ya mwanamke bila kujali.

Kokwijuka akakivuta kikapu kifuani pake. Rwegasira ndiye aliyenyoosha mkono. Akachukua buni moja, akaipasua, akamwekea Kagaruki punje moja kiganjani, ya pili akabaki nayo. Kagaruki akashusha pumzi, akadhani yamekwisha.

"Hapa nyumbani hakuna aliyenizomea," Rwegasira akasema taratibu. "Ungesema kule uwanjani."

Kagaruki akasubiri mwenzake atie punje yake kinywani, ili naye atafune. Rwegasira akaitazama kidogo, kisha akairudisha kikapuni.