Sauti Nzito

Kambini kwetu Kolwezi hakuna aliyejua Kiingereza, na hiyo haikutuzuia hata kidogo. Mume wangu, fundi wa umeme mgodini, alipewa na Mzungu aliyekuwa anarudi kwao fono moja na sahani mbili za santuri, zile sisi tunaita diske. Ndani yake mlikuwa na mchezo mzima wa jukwaani, wa kuimba kwa Kiingereza tangu mwanzo hadi mwisho. Kila Jumapili, watu wakitoka misa, majirani walijaa sebuleni kwangu. Tunapiga diske ya kwanza, tunaigeuza, tunapiga ya pili, tunaigeuza, halafu mabishano yanaanza. Hakimu nilikuwa mimi. Nani angenishinda, na fono ni yangu?

Hadithi tuliipata wenyewe, kwa masikio. Upande wa kwanza, mwanamke anatongozwa na wanaume wawili, mmoja mwenye sauti nzito, mwingine nyembamba. Ukigeuza, kengele zinalia, kwaya nzima inapaza: anaolewa na sauti nzito. Mume wangu aliimba pamoja na bwana arusi huyo, maneno ya kubuni tu, huku amenishika mkono mbele za watu. Nilijifanya kuona haya. Kumbe nilifurahi sana! Kwenye diske ya pili wanagombana, na upande wa mwisho sauti nzito haisikiki tena. "Amekufa, maskini," tukakata shauri. Sauti nyembamba inabembeleza, mwanamke anaifokea, kisha anaimba peke yake mpaka vioo vinatetemeka.

"Ule mwembamba ni shemeji yake," mama jirani alisema siku moja. "Anataka kumurizi."

Wote tukakubali. Kwetu, mume akifa, ndugu yake anamrithi mjane. Nani mwingine angebembeleza vile?

Kisha homa ikamchukua mume wangu. Kilio kilipokwisha, kaka yake mkubwa alikuja kwa treni kutoka Kasaji na wazee wawili wa ukoo. Alikuwa na wake wawili tayari. Nilijua amekuja kunichukua niwe wa tatu, na moyoni nilishasema: Kasaji siendi, hata wanibebe.

Niliwapikia bukari, ugali wetu, na samaki, wakala wakashiba. Halafu nikawasha fono. Niliwaeleza hadithi yote kama tulivyoijua, isipokuwa jambo moja: sikusema sauti nyembamba ni ya nani. Shemeji yangu alipenda mabishano kuliko chakula. Mwanamke alipoanza kufoka, akajipiga goti.

"Aa! Huyu mwanaume hana haya! Mama anakatala, yeye eko anafwata tu! Amuache!"

"Amuache!" wazee wakaitikia.

"Tata," nikamwambia shemeji kwa heshima, "huyo ni shemeji yake. Alikuya kumurizi."

Mzee mmoja akaanza kucheka hadi akakohoa. Shemeji alinitazama, akaitazama fono, akanitazama tena.

"Mama weye," akasema, "uko mubaya."

Lakini alishahukumu mbele ya mashahidi, na hakuwa mtu wa kumeza maneno yake. Alirudi Kasaji bila mimi, na baada ya hapo kila mavuno alinitumia mfuko wa mihogo.

Nikalea watoto wangu peke yangu, na vizuri. Binti yangu alikwenda kusoma Kiingereza Lubumbashi. Aliporudi likizo, akachukua diske ya kwanza, akaitazama karatasi ya katikati.

"Mama, munapiga mubaya! Upande wa nyuma wa hii ni wa ine, njo mwisho. Ile diske ingine inaingia katikati."

Ati zilitengenezewa mashine zinazobadilisha diske zenyewe, ndiyo maana upande wa kwanza na wa nne uko kwenye diske moja, wa pili na wa tatu kwenye nyingine. Sisi tulikuwa tunageuza tu, namba ya nini? Nikamwambia asije kutufundisha diske yetu. Hakunisikiliza, akapiga kwa mpango wake.

Mwanamke akafoka, akaimba peke yake. Hapo nilizoea kuinuka nikazime. Binti yangu akaniwahi, akarudisha diske ya kwanza kwa upande wa nyuma, na kengele zikalia. Sauti nzito ikaingia, nzima kabisa, inaoa.

Hakuwa amekufa. Miaka yote ile hakuwa amekufa. Nililia mbele ya mtoto wangu, na wala sikujificha.

"Rudisha," nikamwambia. "Hapo kwa arusi. Rudisha tena."