Shemeji Yangu na Kadi za Mchezo wa Rungu

Kabla yangu, Bariadi nzima hapakuwa na mtu mwenye kadi za besiboli. Hili naliweka mwanzoni kabisa lisije likabishaniwa huko mbele. Mtu wa kwanza mtaani kwetu kuleta mashine ya kukamua mafuta ya alizeti ni mimi. Wa kwanza kuweka vigae mpaka barazani ni mimi. Na kadi ni mimi. Shule niliishia darasa la nne, nikachunga, nikauza karanga stendi, nikapata baiskeli, nikabeba pamba za watu mpaka mgongo ukazoea. Leo nina mashine za kusaga, duka la vifaa vya ujenzi na nyumba ya wageni yenye maji ya moto. Hakuna aliyenishika mkono.

Kadi zililetwa na mgeni. Mzungu mmoja aliyekuja kuchimba visima upande wa Ngulyati alilala kwenye nyumba yangu karibu msimu mzima, na siku ya kuondoka akaniachia boksi dogo lililofungwa kwa nailoni. Nilidhani sabuni. Kufungua, nikakuta pakiti zinazong'aa, na ndani ya kila pakiti kadi ngumu zenye picha za wanaume wameshika rungu, wengine wamevaa glovu kubwa mkono mmoja, wanatazama juu kama wanatafuta mvua. Nyuma ya kila kadi kuna namba na maandishi ya Kiingereza. Baadaye nikaelewa utaratibu wake: kila mwaka inatoka seti mpya, kila mchezaji ana namba yake kwenye seti, na wewe unapasua pakiti moja moja bila kujua utamkuta nani. Zile za kawaida zinajirudia mpaka unachoka. Zipo zinazong'aa, hizo chache. Na ipo ambayo mchezaji mwenyewe ameitia saini kwa kalamu yake, hiyo mtu anaweza kupasua miaka asiione.

Mimi nilishikwa. Yule Mzungu aliporudi kwao nikamwomba kila seti mpya ikitoka anitumie, nami namtumia gharama, na mpaka leo anatuma. Mzigo ukifika siufungui pale pale. Nangoja Jumapili, watu wakitoka ibadani, natoa meza kwenye baraza ya duka, na watu wanakuja wenyewe. Kadi mpya ina harufu yake, rangi na gundi, inakupanda puani mara tu unapopasua. Nilikuwa napasua taratibu, naiinua juu, watu wanapiga makofi. Mchezo wenyewe hakuna aliyeujua. Tuliuita mchezo wa rungu.

Lakini aliyeufanya uwe mchezo ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Alikuwa karani wa kiwanda cha kuchambua pamba, sasa amestaafu, na Kiingereza anakisoma vizuri. Yeye ndiye alikaa kulia kwangu. Mimi napasua, yeye anasoma. Alishika kadi pembeni kwa vidole viwili, anasogeza miwani, anakohoa kwanza.

"Huyu hapa," anasema, "kazaliwa shambani. Baba yake anafuga."

"Anafuga nini?" watu wanauliza.

"Hawajaandika. Lakini mwangalieni shingo, huyu kakulia maziwa."

Siku nyingine akasoma kwamba mchezaji fulani ndiye amekimbilia nyumbani mara nyingi kuliko wenzake wote. Mama mmoja muuza mboga akadakia, "Basi huyo kaoa vizuri!" Watu wakacheka mpaka muuza soda akaacha kreti lake akaja kuuliza kuna nini. Hivyo ndivyo Jumapili zangu zilivyokuwa. Nina mali nyingi, nimesema, lakini ile saa ya mimi kupasua na shemeji kusoma sikuwa naibadilisha na kitu.

Halafu akaja afisa.

Alikuwa afisa ardhi, mtu wa Tanga, ofisi yake iko Lagangabilili lakini alipanga nyumba Bariadi, mkabala kabisa na duka langu. Mpole, Mwislamu safi, Kiswahili chake kinateleza kama kimepakwa asali. Jumapili moja alivuka barabara akasimama nyuma ya watu.

"Mwadila," watu wakamsalimu. Alikuwa ameshafundishwa salamu yetu ya Kisukuma, akaitikia sawasawa, wakafurahi. Kisha akaniambia, "Naomba nione moja, tajiri."

Nikampa moja. Ningejua ningempa soda.

Haukupita muda naye akawa na maboksi yake. Ana dada yake Dar es Salaam anaagiza bidhaa nje, akaagiziwa. Na kwa nini apasulie barazani kwake, Jumapili, saa ile ile? Alitandika kitambaa cheupe. Pakiti hakupasua kwa mikono kama mimi, alikata kwa mkasi mdogo. Kila kadi aliivalisha mfuko wake wa plastiki papo hapo. Alipika kahawa ya tangawizi, akaweka kashata. Na alikuwa na simu: akipata mchezaji, anaandika jina lake, anawaonyesha watu yule yule wa kwenye kadi akipiga mpira unapotelea hewani na uwanja mzima unasimama.

Wa kwanza kuvuka alikuwa muuza mboga. Huyo sikujali. Wakafuata vijana wa bodaboda. Nao sikujali. Kisha Jumapili moja shemeji akasema, "Ngoja nikachungulie kidogo," na sikumwona tena mpaka jioni.

Sijui kama mtu ambaye hajawahi kupokonywa mtu anaweza kunielewa. Nilikaa barazani kwangu napasua pakiti, na masikio yangu yako ng'ambo. Kicheko cha shemeji nakijua, kinaanza na kikohozi. Nilikisikia kikohozi, nikasikia kicheko, nikasikia na yule afisa anacheka naye. Nikapata kadi inayong'aa, mchezaji amelala hewani kabisa anadaka mpira. Nikaigeuza nyuma. Maandishi yamejaa, na mimi siyajui. Niliirudisha kwenye boksi.

Mke wangu akaja na chai, akanitazama.

"Baba watoto, uso huo wa nini?"

"Kaka yako amehamia kwa afisa."

"Amehamia na godoro?"

"Mimi sitanii."

"Miaka yote sijawahi kukuona unanionea wivu mimi hivyo," akasema, akaondoka na chai yake.

Katikati ya wiki nikamkuta shemeji kwenye mashine ya kusaga, nikamwambia kiutani, ingawa haukuwa utani.

"Shemeji, siku hizi umehama."

"Sijahama. Nimevuka barabara."

"Kahawa yake ndiyo tamu?"

"Ina tangawizi. Lakini siyo kahawa. Ni ile simu. Mimi nimesoma habari za watu wale muda wote huu sijawahi kumwona hata mmoja anatembea. Wewe umewahi?"

"Simu yangu kubwa kuliko yake."

"Kubwa ndiyo. Unapigia mafundi."

Usiku ule nilifikiri mpaka nikapata. Ilikuwa miezi ile ya baada ya kuuza pamba, na kwetu Usukumani miezi hiyo ni ya mbina, ngoma za kushindana. Makundi mawili yanacheza uwanja mmoja, wakati mmoja, kila moja upande wake. Hakuna jaji wala alama. Watu wenyewe ndio wanaamua kwa miguu yao: wakiona upande huu umepoa wanahamia ule, na atakayebaki na watu ndiye ameshinda. Mjomba wangu alikuwa kiongozi wa ngoma, nimemwona akihamisha uwanja mzima kwa kuinua bega. Nikasema, na kadi zitapasuliwa hivyo hivyo.

Nikamfuata afisa barazani kwake.

"Wewe upande wako, mimi upande wangu. Boksi kwa boksi. Watu wachague."

"Na mshindi hupata nini, tajiri?"

"Anapata watu."

Akacheka, akasema haya, kwa furaha yako. Hakujua mimi watu nilikuwa namtaka mmoja.

Sasa, mtu haingii kwenye mbina mikono mitupu. Kila kiongozi wa ngoma ana dawa yake ya kuvuta watu, hilo kwetu si siri wala si aibu. Nikapanda gari nikaenda Zagayu kwa mama mmoja mzee ambaye familia yake iliwatengenezea wacheza ngoma dawa tangu zamani.

"Ngoma gani?" akaniuliza.

"Ya kadi, mayu."

"Inachezwa kwa miguu au kwa mabega?"

"Kwa mikono."

"Basi utapaka mikononi."

Akanichanganyia dawa kwenye samli ya ng'ombe, akanifungia kwenye kikopo. Akanikanya nisinawe mpaka watu wawe wameondoka, nikinawa mapema nanawa na watu. Nikamshukuru, wabeja, nikarudi.

Jumapili ile watu walijaa kuliko siku ya mnada. Nilijipaka nyuma ya duka, kucha mpaka viwiko, nikatoka. Ng'ambo shemeji alikuwa ameshakaa kulia kwa afisa, kikombe mkononi. Aliniinulia kile kikombe kunisalimu. Iliniuma.

Tukaanza. Pakiti ya kwanza ikaniteleza ikaanguka chini. Nikaiokota, ikateleza tena. Samli, na jua lile, inayeyuka. Nikapasua kwa meno. Nikainua kadi ya kwanza juu na watu wa mbele wakaona alama za vidole vyangu zimejipanga usoni kwa mchezaji wa watu.

"Tajiri unakula chapati huku unapasua?" kijana wa bodaboda akapaza sauti.

"Muulize vizuri, labda mchezaji ndiye chapati!" muuza mboga akamjibu.

Wakacheka, na waliocheka wakaita wengine. Kidogo kidogo watu wakaanza kuvuka, kwanza wachache, kisha kundi zima na watoto wao, wanasukumana waone. Nasema nilichokiona: dawa ilifanya kazi. Baraza ya afisa ilibaki nyeupe na kitambaa chake. Kwangu watu walipanda mpaka kwenye mifuko ya saruji.

Kasoro mmoja. Shemeji alibaki ng'ambo, anapuliza kahawa.

Nikapasua kwa meno pakiti nyingine, na katikati ya kadi za kawaida ikatoka moja nene kuliko zote, na chini ya picha, kwa wino wa bluu, mstari umejikunjakunja. Nikaujua. Kwa miaka yote niliyopasua sikuwahi kuipata, na afisa hakuwahi. Nikasimama juu ya kiti.

"Shemeji! Saini! Njoo usome!"

Kikombe alikiacha mezani. Alivuka barabara mbio, miwani mkononi, watu wakampisha, moyo wangu ukawa mkubwa kama kichuguu. Akafika, akatazama, akapiga kelele.

"Kidole! Toa kidole, wewe!"

Nikatoa. Na saini ikatoka na kidole. Kwenye kadi likabaki wingu la bluu, kwenye gumba langu likabaki jina la mtu.

Watu wakacheka wote kwa pamoja. Shemeji hakucheka. Alinishika kifundo cha mkono, akanusa.

"Hii nini?"

"Dawa."

"Ya nini?"

"Ya watu."

Akageuka akautazama ule umati mpaka kwenye saruji. "Sasa watu wote hawa hapa, ulikuwa unamtaka nani tena?"

"Aliyekuwa ameshika kikombe."

Yeye ni Msukuma kama mimi, hakuhitaji kuelezwa. Aliniachia mkono. Kisha akasema, "Nenda kanawe."

"Nimekatazwa mpaka watu waondoke."

"Haya. Mimi kahawa yangu inapoa."

Akavuka akarudi. Akaenda kweli, akakaa pale pale kulia kwa afisa, akachukua kikombe. Watu walipoona hakuna jipya wakaanza kutawanyika, wengine wakamfuata. Nikabaki na muuza mboga, naye alikuwa anangoja tu kivuli.

Mimi sijazoea kumfuata mtu, watu ndio hunifuata. Lakini nilikikumbatia kiti changu kwa mikono ile ile ya samli, boksi la pakiti zilizobaki nikalibana kwapani, nikavuka barabara mchana kweupe, Bariadi yote inaona. Nikakiingiza kiti katikati ya kiti cha shemeji na cha afisa. Palikuwa padogo. Afisa akasogea.

"Karibu, tajiri. Nikumiminie kahawa?"

"Sinywi."

"Usiguse kitu!" shemeji akasema. "Weka mikono magotini. Magotini, nimesema. Kitambaa cha watu hicho."

Nikaweka mikono magotini. Akalichukua boksi langu, akaomba mkasi, akaanza kukata pakiti zangu yeye mwenyewe. Kila kadi aliishika pembeni, akasogeza miwani, akakohoa, akanisogezea mbele ya macho niione kabla hajasoma. Afisa alikuwa na shingo ndefu anachungulia. Mimi nilikuwa naangalia jambo moja tu, na niliangalia vizuri mpaka boksi likaisha: kila kadi alinionyesha mimi kwanza, ndipo afisa.