Dereva na Miadi ya Saa Nne

Jirani yangu ni dereva wa gari la wagonjwa, na hata akiwa amepumzika vidole vyake hukaa kama vimeshika usukani. Huongea kwa sauti ya chini, huanza jambo akaliachia njiani, kisha hufikicha macho. Siku ya miadi yake ya kwanza na mshauri nasaha alinyoa ndevu, akapiga pasi shati lilelile mara mbili, akaja kukaa kibarazani kwangu akiwa hoi kabla hata ya kutoka.

"Dada, kule mtu anaanzia wapi?"

"Popote panapokuuma, kaka."

"Ni pengi."

"Basi chagua mahali pamoja tu."

Alifunga vifungo vya mikono ya shati, akavifungua. "Nitaanza na yule mama niliyembeba garini na mtoto wake. Mwanawe alikuwa ameshakata roho mapajani mwake. Mimi najua, yeye anajua. Akanigusa bega, akaniambia niende polepole nisimwamshe."

"Ukafanyaje?"

"Nikazima king'ora, nikaenda polepole."

Kisha akaniomba nimsindikize hadi mlangoni kwa mshauri. Nikavaa viatu, tukatoka.