Sindano na Nyumba Juu ya Lori

Mume wa Sindano hakuwa mtu wa maneno. Hilo alilijua tangu uchumba, na akaolewa nalo. Mume akirudi kutoka gereji atavua buti mlangoni, atauliza, "Mtoto kala?" Akijibiwa kala, basi, habari za siku zimekwisha. Sindano, ambaye mtaa ulimpachika jina hilo kwa wembamba wake na kwa kazi yake ya cherehani, alijizoesha kuongea kwa niaba ya wote wawili. Wenzake wakimcheka huwajibu, "Wangu mimi kazaliwa na akiba ndogo ya maneno, anaogopa itamwishia uzeeni."

Kwa hiyo siku alipokwenda gereji, mtoto mgongoni, kupeleka makava ya godoro aliyoagizwa kushona, alidhani kakosea mlango. Chini ya lori moja kubwa sauti ya mumewe ilikuwa inatiririka kama bomba lililopasuka.

"Matairi mawili mawili nyuma ni ya wabeba mizigo wa barabara ya lami. Huko unakokwenda, jiwe litaingia katikati yake, yasagane mpaka yapasuke. Tia moja moja, mapana, sawasawa na ya mbele. Hata tairi la spea ukibeba, linafaa popote."

"Kumbe!" ilijibu sauti ya mwanamke, hukohuko chini. "Nami nilidhani mengi ndiyo mazuri."

"Mengi yana ugomvi wake."

Wakacheka. Mumewe, kucheka! Jozi mbili za buti zilikuwa zimetokeza ubavuni mwa lori, moja ya mumewe, nyingine ndogo, kamba zake bado mpya. Sindano alizikodolea macho kana kwamba amekuta viatu vya mgeni chini ya kitanda chake.

Mwenye buti ndogo alikuwa mpima ardhi, mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye cheko la kufungua madirisha. Alikuwa amepima mashamba ya watu tangu usichana wake, sasa alitaka kwenda kuiona nchi asiyotakiwa kuipima. Alinunua lori lililochoka, akamtaka fundi, mume wa Sindano, alifufue, kisha alijengee nyumba juu yake: kitanda, jiko, kabati, dirisha la kutazamia mawio. Sindano, mumewe na mtoto walikaa chumba kimoja, pazia likitenga kitanda na masufuria. Lakini nyumba ile haikumuuma sana. Nyumba ni mbao na bati. Kilichomuuma ni yale maneno.

Jioni alijaribu bahati yake. "Leo mmefanya nini huko?"

"Kazi."

"Kazi gani?"

"Si hizi hizi."

Usingizi ulimpaa. Kumbe maneno yapo! Yapo, ila yana mwenyewe.

Tangu hapo hakukosa sababu ya kwenda gereji. Leo kava limebana, kesho limelegea, keshokutwa pazia la dirisha halijapimwa vizuri. Muuza matairi, mzee mnene waliyemwita Upepo, alimvumilia mwanzoni, mwisho akashindwa.

"Shemeji, hilo godoro linakua? Mbona kila siku linapimwa upya?"

"Pima upepo wako, mzee, niachie godoro langu."

Alikaa ndani ya nyumba ile ya lori, sindano mkononi, sikio sakafuni. Chini yake mumewe alimweleza mpima ardhi kwamba chesi ya lori, yale machuma marefu ya chini yanayobeba kila kitu, ni kama mgongo wa mchukuzi: njia ikiwa mbaya lazima ijipinde, ndiyo afya yake. Nyumba haiwezi kujipinda. Ukiikaza moja kwa moja na bolti, chesi itageukia huku, nyumba itabaki kule, na ukuta utachanika kama nguo iliyobana makwapa. Kwa hiyo inakalishwa juu ya springi, chesi icheze chini, nyumba itulie juu.

"Fundi, wewe ungekuwa mwalimu," alisema mpima ardhi.

"Ah, dada, mimi naongea tu."

Sindano alijichoma kidole. Anaongea tu!

Ikafika siku ya kulijaribu lori. Upepo alipiga jeki gurudumu moja la mbele na moja la nyuma la upande wa pili, ili chesi ipindwe kama inavyopindwa na mawe. Fundi alikuwa chini akitazama springi. Mpima ardhi, rula mkononi, alisoma mwanya kati ya chesi na nyumba. Na kwa kuwa Sindano alikuwa ndani akivisha godoro, mumewe akapaza sauti, "Mama, tega sikio humo! Kikilia kitu chochote, sema!"

Lori likainama. Kwenye kona ya juu ya dirisha, upande wa kitanda, kitu kikalia. Kidogo tu, kama mlango wa kabati linalofunguliwa kwa wizi.

Sindano alielewa papo hapo. Akisema kinalia, nyumba itashushwa, kazi itaanza upya, na buti zile zitalala tena ubavuni mwa buti za mumewe, wiki baada ya wiki. Akinyamaza, mwanamke huyu ataondoka na cheko lake.

"Vipi humo?"

"Kimya," alisema.

Lori likateremshwa. Mpima ardhi akapiga makofi, akamshika Sindano mkono alipokuwa anashuka. "Mdogo wangu, keshokutwa niko njiani!"

"Safari njema, dada," alijibu Sindano, na kwa mara ya kwanza alimwita dada bila kusaga meno.

"Lakini fundi," mpima ardhi aliendelea, "likinivunjikia huko porini, mimi simwiti mwingine. Nitakutumia nauli, uje unitoe."

"Nitakuja," fundi akasema, akipangusa mikono. "Kazi yangu mwenyewe nitaikimbia?"

"Hata ikikuchukua mwezi?"

"Hata mwezi. Wewe uwe na chai tu."

Sindano akaona yote kama picha ukutani. Pori. Nyumba iliyochanika kona. Kitanda kimoja, godoro alilolivisha kwa mkono wake mwenyewe. Na mumewe akieleza springi mwezi mzima.

"Linalia!" akapiga ukelele hadi mtoto mgongoni akaamka.

Mumewe akageuka. "Si umesema kimya?"

"Nilisema. Sasa nasema linalia. Kona ya dirisha, juu ya kitanda."

Hakubishana naye. Alimwashiria Upepo arudie jeki, akapanda ndani mwenyewe. Walisubiri. Alipotoka uso ulikuwa umemshuka.

"Springi za nyuma nimezibana mno. Dada, nyumba inashuka. Naanza upya."

Mpima ardhi hakucheka safari hii. Alimtazama Sindano, akamtazama mtoto, akamrudia Sindano. "Ulitaka niondoke haraka?"

"Nilitaka uondoke tangu juzi."

Upepo akakumbwa na kikohozi. "Haya," mpima ardhi akasema polepole. "Afadhali umeyasema kabla sijafika kwenye mawe."

Njiani kurudi nyumbani fundi alimbeba mtoto.

"Ungenipotezea jina, mama."

"Wewe je? Mimi naulizwa mtoto kala, yeye anaelezwa mpaka bolti!"

"Yeye anauliza."

"Na mimi siulizi?"

"Wewe unauliza leo tumefanya nini. Hilo mtu analijibuje?"

Wakapita duka la vitambaa, wakapita kisima.

"Kesho nalisogeza tangi la maji la lori," fundi alisema ghafla. "Nimelikosea mahali."

"Lina nini?"

"Liko juu mno. Maji hayatulii, lori likiinama nayo yanakimbilia hukohuko, yanalisukuma lianguke. Maji yakae chini, katikati ya magurudumu, na ndani yatiwe vizuizi..."

Sindano alimshika mkono. "Hilo umeshamwambia yule?"

"Bado."

"Basi usimwambie kwanza," alisema. "Endelea."