Feruzi ya Dada Yangu Ilipogeuka Kijani

Dada yangu mkubwa, aliyeolewa Kanja, ni mwanamke wa maombi. Haamini ndoto wala bundi, na akikutana na mganga njiani huvuka upande wa pili huku akiimba. Ndiyo maana nilimtengenezea kidani cha feruzi bila wasiwasi wowote.

Mimi naishi Kinoru. Mchana niko ofisini. Jioni naondoa vyombo mezani, navuta taa karibu, nakunja waya wa fedha kwa plaisi ndogo mpaka macho yachoke. Mawe huyapata kwa mfanyabiashara wa Nairobi, na siyakubali kabla ya kuyasugua kwa pamba yenye dawa ya kutolea rangi ya kucha. Jiwe la bandia, yaani jiwe jeupe lililotiwa rangi, huacha samawati kwenye pamba. La kweli haliachi kitu. Dada nilimchagulia la kweli, lenye mishipa myeusi na rangi ya mbingu baada ya mvua.

Nilipompelekea, tulikaa jikoni kwake nikamsimulia habari za jiwe, maana pambo bila hadithi ni waya tu. Nilimwambia kwamba Waajemi wa kale walilifunga kwenye hatamu za farasi ili mpandaji asianguke. Kinoru kuna mwenye bodaboda aliyekwisha kuniuliza kama linafaa pikipiki pia. Kisha nikaongeza kuwa watu husema jiwe hili likigeuka kijani, mume ameanza kutoka nje ya ndoa.

"Huo ni ushetani," dada akasema, akinigeuzia kisogo. "Hebu nifungie hapo nyuma."

Alilivaa kanisani na shambani. Alilivaa akikama ng'ombe, akikaanga chapati, akijipaka mafuta baada ya kuoga. Miezi ikapita. Asubuhi moja akanipigia simu kwa sauti ya matanga.

"Limegeuka."

"Nini kimegeuka?"

"Jiwe. Limekuwa kijani kama sukuma wiki."

Nikamweleza kwamba feruzi ina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, hunywa mafuta na jasho, na ikishiba hubadilika rangi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanishukuru, kisha akasema, "Na huyu kila Jumamosi anaenda kikao cha kamati ya maji. Mabomba yana maneno gani ya kuzungumza mpaka jioni?"

Jumamosi nilienda Kanja kuzuia balaa, lakini nilichelewa. Shemeji alikuwa ameketi sebuleni kama mtu aliyeitwa na wazee, kidani kikiwa mezani mbele yake juu ya kitambaa cha kufuma. Shemeji ni mwalimu wa hisabati. Kazi yake ni kuwafundisha watoto wasikubali jambo lisilothibitishwa. Alilitazama lile jiwe, jasho likamtoka.

"Sema mbele ya mdogo wangu," dada akamwambia. "Huwa unaenda kwa nani?"

Nilifungua mdomo nieleze habari ya mafuta. Shemeji akanitangulia.

"Kwa mama."

"Mama yupi?"

"Mama yangu. Naenda kula."

Basi yote yakatoka. Tangu daktari amwonye kuhusu presha, dada alikuwa amepunguza chumvi na mafuta nyumbani, na alisimamia amri hiyo kama askari. Kikao cha maji kiliisha mapema. Shemeji aliteremka bondeni kwa mama yake, ambako sahani ya mukimo, viazi na mahindi vilivyopondwa na majani ya malenge, ilimngoja chini ya kifuniko, na nyama pembeni.

Nilidhani dada atacheka. Alilia. Alinivuta jikoni akaniambia, "Afadhali angekuwa mwanamke mwingine. Huyo ningemwombea aokoke. Sasa Cucu aliokoka kabla hata mimi sijazaliwa!" Cucu ni bibi, ndivyo tunavyomwita mama mkwe wake kwa ajili ya watoto.

Habari ilienea Kanja, ila sehemu ya mukimo ilipotelea njiani. Wanawake wa kikundi cha dada wakaanza kunipigia simu, kila mmoja akitaka jiwe la kweli. Baadaye wanaume wawili walinijia Kinoru, wapole kama waumini wapya, kuniuliza kama ipo aina isiyobadilika rangi.

"Ipo, lakini ni bandia," nikawaambia.

"Hiyo hiyo, dada," mmoja akasema. "Mama watoto atafurahi."

Jumamosi iliyofuata dada aliandamana na mumewe bondeni. Cucu hakushangaa, aliongeza sahani. Dada alionja, akaweka kijiko chini.

"Cucu, chumvi imezidi. Huyu ana presha."

"Presha?" Cucu akamgeukia mwanawe. "Na mbona mimi hukuniambia?"

Siku hizi shemeji anakula mukimo usio na chumvi katika nyumba zote mbili.