Nani Alijibu Moja?

Siku ya kwanza Bi Khairiya Masoud alipoingia ofisini kwetu Wete, hakuja kutafuta kazi. Alikuja kutoa kopi ya barua yake ya kustaafu. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na watu wengi, wakishasikia kuwa juu kule kuna kompyuta, walidhani ni steshenari. Maher, mkuu wa kampuni yetu ya watu watatu, alimwashia mashine. Ilipokuwa ikipata moto, Bi Khairiya alisimama nyuma ya kiti changu akatazama kioo cha kompyuta.

"Nini hicho, mwanangu?"

"Fomu ya kuwaandikisha mama wajawazito, Bi. Itakuwa mtandaoni, na mama atapata ujumbe wa simu kila inapokaribia siku yake ya kliniki."

"Hapo panaandikwa umri?"

"Ndiyo."

"Na nikiandika miaka mitatu?"

Nilicheka. "Hakuna mama wa miaka mitatu."

"Hakuna. Lakini nesi aliyechoka yupo. Anataka kuandika thelathini na tatu, kidole kinateleza. Hebu andika."

Nikaandika. Mfumo ulimpokea mama wa miaka mitatu bila ya kusita, ukampongeza kwa ujauzito wake na kumpangia tarehe ya kliniki.

Wiki iliyofuata Maher alimwajiri awe mjaribu wetu. Kazi ya mjaribu ni kuutumia mfumo kabla haujatolewa kwa watu, na kuutumia kama watu watakavyoutumia kweli: kwa haraka, kwa kukosea, kwa kutojua. Chuoni nilisoma somo zima juu ya kazi hiyo na nikalifaulu vizuri. Bi Khairiya hakulisoma. Miaka ishirini na mbili alikuwa karani wa rejista katika kliniki ya mama wajawazito huko Konde. Mumewe, Mzee Soud, alituambia kwamba mkewe hanunui sufuria mpaka aijaze maji palepale dukani, na kwamba wenye maduka wa Konde walishazoea kumtolea ndoo kabla hajaomba.

Basi ndivyo alivyofanya na mfumo wetu, ambao tuliuita Kadi ya Mama. Alibonyeza kitufe cha kuhifadhi mara mbili, na mama mmoja akawa wawili. Aliandika tarehe ya kujifungua iliyokwisha kupita. Alizima mtandao katikati ya fomu akaenda kusali Adhuhuri, kisha akarudi kuona maneno yake yamebaki au yamepotea. Yalipotea. Hakuwahi kusema "mumekosea." Alisema, "Tazama, Ghada, jambo la ajabu," na mimi, niliyeiandika programu ile kwa mikono yangu, nilisogeza kiti na kutazama ajabu yangu mwenyewe. Kila alichokiona alikiandika kwenye karatasi yenye safu mbili: Kilichotarajiwa na Kilichotokea. Maher alikuwa ameweka sharti kwamba hakuna kitu kitakachotoka ofisini bila ya saini ya Bi Khairiya chini ya karatasi hiyo. Nadhani siku alipoliweka hakufikiri sana.

Hayo yalikuwa mwaka 2017. Uzinduzi ulipangwa uwe Jumatatu, na mgeni rasmi alikwisha kukubali. Jumanne ya wiki moja kabla tulifanya jaribio la mwisho. Tulichagua mama kumi wa kweli kutoka kliniki moja ya wilaya, tukawaandikisha, na mfumo ukawapelekea ujumbe: "Kesho ni siku yako ya kliniki. Jibu 1 ukiwa umeupata ujumbe huu." Ili tujue kama ujumbe peke yake unatosha, tuliwaomba manesi wasiwaandikie mama hao tarehe kwenye kadi zao za karatasi.

Wote kumi walijibu moja. Maher alipiga meza.

"Kumi kwa kumi! Bi Khairiya, kalamu hii hapa."

Bi Khairiya aliiacha kalamu mezani. Jumatano jioni, alipozungumza na nesi kwa simu, ndipo aliposema, "Waliofika ni tisa."

"Hilo si letu," Maher alisema. "Kazi ya mfumo ni kufikisha ujumbe, na umefika. Mtu akiwa mvivu, mfumo umbebe?"

"Mvivu hajibu. Huyu kajibu moja, tena ndani ya dakika mbili. Mtu anayejibu upesi vile kisha haji, mimi nataka kumjua."

"Jumatatu tuna mgeni rasmi! Maturubai yameshaagizwa."

"Maturubai hayaozi, Maher. Huyu mama ana mimba ya miezi minane na aliambiwa aje kupimwa presha. Mimi saini yangu nitaiweka juu ya kitu gani?"

Nitasema kweli: nilikuwa upande wa Maher. Tisa kati ya kumi ni alama ya juu katika mtihani wowote niliowahi kufanya. Lakini Alhamisi asubuhi nilipanda gari pamoja na Bi Khairiya, kwa sababu fomu ilikuwa yangu na nilitaka kuitetea.

Mama yule aliitwa Yumna Abrahman, wa kisiwani Kojani. Njia nzima Bi Khairiya alikuwa akikisia.

"Pengine keshajifungua."

"Tungeambiwa, Bi. Na bado mapema."

"Pengine hajui kusoma, kabonyeza tu."

Nilifungua daftari. "Amesoma hadi kidato cha pili."

"Basi pengine mashua ilikosekana. Lakini la, wenzake wawili wa Kojani walifika." Alikunja mkono wa buibui lake. "Ghada, sisi tunajua kwamba simu imejibu. Nani alijibu?"

Niliona ni swali la ajabu. Simu ya Yumna ikijibu, amejibu Yumna. Ndivyo fomu ilivyoandikwa: mama mmoja, namba moja.

Tulivuka maji kwa mashua ndogo. Kojani nyumba zimesogeleana sana, na kabla hatujauliza mara ya pili tulikwisha kufikishwa mlangoni. Mwenye nyumba, Bi Mwanamize, mama mkwe wa Yumna, alikuwa anachambua mchele. Aliitazama kalamu na daftari langu.

"Uchaguzi ushapita. Munaandikisha nini tena?"

"Hatuandikishi kura, dada yangu," alisema Bi Khairiya. "Tunaandikisha mimba."

"Ah! Hizo hazina chama. Karibuni ndani."

Yumna alitoka chumbani taratibu, akatuamkia. Alikuwa amevaa makubadhi ya kiume, makubwa, ambayo kamba zake zilikuwa zimelegezwa hadi tundu la mwisho. Mimi niliyaona makubadhi. Bi Khairiya aliiona miguu iliyovimba ndani yake.

"Viatu vyako viko wapi, mwanangu?"

"Havinipati tena, Bi. Hivi vya mume wangu, Amur."

"Tangu lini?"

"Wiki hii."

Bi Khairiya alimwekea mto akamkalisha, kisha akauliza kwa sauti ileile ya kuulizia viatu, "Juzi ulijibu moja?"

"Moja gani?"

"Kwenye simu."

"Simu kenda nayo Amur."

"Kenda wapi?"

"Dago," alijibu Yumna, akatushangaa, maana Kojani nzima waume walikuwa dago. Dago ni kambi ya uvuvi ya mbali. Wavuvi huondoka na vyombo vyao, wakapiga kambi pwani ya ng'ambo kwa wiki kadhaa, na kila mmoja huchukua anachohitaji: shuka, sufuria, simu.

"Lakini namba ulitupa wewe," nilisema.

"Muliniuliza namba ya simu ya nyumbani. Ndiyo ya nyumbani hiyo. Nyumba haina nyingine."

Bi Khairiya alitoa simu yake, akaipiga namba ile mbele yetu na kuifungua sauti. Upepo ulitangulia kuitika, kisha mtu.

"Asalaam alaykum, Bwana Amur. Sisi wa kliniki."

"Wa alaykum salaam! Enhe, ujumbe wenu nimeupata."

"Ukajibu moja."

"Nimejibu palepale. Mumeniuliza kama nimepata, nami nimepata. Ningenyamaza, si mungesema watu wa Kojani hawana adabu?"

"Hatungesema. Na Yumna ulimwambiaje?"

Tulimsikia akisogea mbali na upepo.

"Nimwambieje, Bi, na simu yake ninayo mimi? Salamu nimempa Ahmada. Anarudi Ijumaa na samaki." Kisha sauti ikabadilika. "Kwani kuna jambo?"

Bi Khairiya aliyatazama makubadhi. "Nitampeleka mwenyewe kwa nesi, leo hii. Wewe omba dua, na simu usiizime."

Nilitaka kucheka na sikuweza. Jibu lake lilikuwa sahihi. Tulimuuliza kama ujumbe umefika, akasema umefika. Mfumo wangu haukuwa na kosa hata moja ambalo ningeweza kulionesha kwa kidole.

Bi Mwanamize alikwisha kuingia chumbani, akarudi na kadi ya kliniki iliyofungwa ndani ya mfuko wa nailoni. "Hii haijenda dago hata siku moja," alisema. Akaifungua penye mstari wa ziara ijayo. "Zamani waliandika tarehe hapa. Safari hii wameacha wazi. Tukasema, basi, labda hakuna haja."

Barua ya kuwaomba manesi wauache wazi mstari ule niliiandika mimi. Nilitumia Kiswahili kizuri sana.

Tuliondoka Kojani watatu. Katika mashua Bi Khairiya alimshika Yumna mkono, na hata hapo udadisi wake haukulala.

"Neno la haraka likitaka kukufika, tumpe nani? Mkweo?"

"Hana simu."

"Wifi yako?"

Yumna alitazama nyuma kana kwamba wifi yumo majini. "Wifi nikimpa neno, kabla sijafika nyumbani keshalisikia kila mtu. Mpeni Widad. Anashona nguo nyuma ya nyumba yetu. Simu yake haitoki mezani."

"Na yeye anajua una presha?"

"Anajua. Nilimwambia mimi mwenyewe."

Kliniki, nesi alimpima mara mbili. Aliandika namba kwenye karatasi akatusukumia. Presha ilikuwa juu. Siku hiyohiyo alipelekwa hospitali akalazwa. Bi Khairiya alikaa naye hadi mama yake mzazi alipofika, na mimi nilirudi ofisini peke yangu, nikaifungua fomu yangu nikaitazama, sehemu ile ndogo iliyoandikwa Namba ya Simu. Konde, Bi Khairiya aliniambia baadaye, rejista nayo haikuwa na mahali pa kuandika mambo kama hayo, ila ilikuwa na pambizo. Humo aliandika kwa penseli: huyu mwambie kupitia dukani, huyu mwite kwa dada yake wa Kengeja. Fomu yetu haikuwa na pambizo.

Ijumaa aliiweka karatasi yake mbele ya Maher. Kwenye mstari wa kumi, chini ya Kilichotarajiwa, aliandika: Mama apate ujumbe. Chini ya Kilichotokea: Baba aliupata, dago. Mahali pa saini palikuwa patupu.

Maher alisoma, akasoma tena. "Yuko vipi huyo mama?"

"Wanamtazama. Presha imeanza kushuka, alhamdulillahi."

Maher aliirudisha karatasi mezani. Kisha akaivuta simu. "Bi Khairiya, una hakika maturubai hayaozi?"

"Nina hakika."

Akapiga, akaomba uzinduzi usogezwe mbele.

Tulichukua wiki saba. Tarehe zilirudi kwenye kadi za karatasi, na simu ikawa msaidizi wake. Fomu ilipata swali jipya, ambalo nesi humuuliza mama faraghani: Ni nani umtakaye akufikishie neno? Tuliliondoa lile jibu la moja. Badala yake, mama asipofika siku yake, asubuhi inayofuata jina lake humtokea nesi juu kabisa ya orodha, na halishuki mpaka apatikane. Hilo Bi Khairiya alilijaribu kwa siku nne mfululizo, akitafuta njia ya kulishusha kwa hila. Alizipata mbili. Nikaziba.

Jaribio la mwisho lilikuwa na mama thelathini, na alilifanya makusudi wakati waume wa Kojani wako dago. Siku ya kliniki hakukaa mbele ya kompyuta. Alikaa kwenye benchi, uso mlangoni, karatasi mapajani. Kila aliyeingia alimwekea alama. Kufika saa nne walikuwa ishirini na tisa, na Maher, aliyekuja kushuhudia, alikuwa akihesabu naye.

Wa thelathini alikuwa Yumna. Alijifungua salama huko hospitali, na sasa alikuja kwa kliniki ya mtoto, binti yake mchanga amemfunika kwa ukaya wake wa kichwani. Alikuwa amevaa viatu vyake mwenyewe.

Bi Khairiya alimpokea mtoto, akamtazama vizuri, akamrudisha. Kisha, chini ya Kilichotokea, akaandika neno moja: Amefika. Akatia saini. Maher alishusha pumzi.

"Nani kakwambia?" Bi Khairiya alimuuliza Yumna.

"Widad kapata ujumbe jana, akaja mpaka mlangoni. Na kadi nayo ilisema."

"Ahsante zake. Na Widad akienda harusini, simu yake humwachia nani?"

Maher alifunika uso kwa mikono. "Bi Khairiya, umeshasaini!"

"Nimesaini. Si nauliza tu?"

Yumna alifikiri, akimpapasa mtoto mgongo. "Huifungia kabatini."

Bi Khairiya alinigeukia. Nikafungua daftari.